Ng'ombe wa Protini

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye chumba cha mbele pale Igogo alifungua biashara. Shaibu hakuwa na mtaji wala bidhaa. Alikuwa na mdomo, na koti jeupe la mtumba ambalo huko lilikotoka huenda lilivaliwa na muuza nyama. Akaandika mlangoni: USHAURI WA DAMU.

Asubuhi alishinda kwa mama ntilie mkabala na lango la hospitali, akinywa chai taratibu, akiwatazama watu wakitoka na majibu yao. Anayekunja karatasi na kuitia mfukoni alimwacha aende zake. Alimngoja yule anayeishika juu chini.

Siku hiyo akatoka Mzee Mayala, mfugaji wa Misungwi, mkewe Paskazia nyuma yake.

"Shikamoo baba. Damu imesemaje?"

"Marahaba. Wanasema protini imezidi."

Shaibu akamsogezea benchi kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani. Akauliza daktari kasema nini zaidi. Mzee hakuwa amesikia chochote baada ya neno kuzidi, ikabidi Paskazia aeleze. Daktari kasema namba hiyo peke yake si ugonjwa. Mara nyingi ni mwili umekaukiwa maji, na mzee alikuwa ametembea na jua lote la kiangazi bila kunywa kitu. Anywe maji, arudi Ijumaa wapime tena. Ikibaki juu ndipo watafute chanzo, kama ni ini, au maambukizi ya siku nyingi, au kitu kingine ndani ya damu. Nyama na maziwa, kasema, si kawaida kuipandisha hivyo.

Shaibu alielewa vizuri kabisa. Namba ingeshuka kwa maji matupu. Kilichobaki ni yeye kuonekana ndiye aliyeishusha.

"Wamekuficha, baba. Protini ni nini kama si ng'ombe? Yupo mmoja unayempenda kuliko wote?"

Yupo, alijibu mzee kwa sauti ndogo. Ana mimba. Kiangazi kimewamaliza wenzake, na huyo naye hana majani, ndiye pekee aliyebaki wa kuanzia tena.

"Basi ndiye. Amekuingia damuni."

Tiba ikatajwa papo hapo. Maji mengi kutwa nzima, yaliyotiwa majani ya chai kidogo yapate sura ya dawa, na ng'ombe atengwe naye. Shaibu hakusema nipe, maana tapeli mwenye heshima zake haombi. Alisema tu ng'ombe akae kwake, yeye damu yake ni nyepesi.

Paskazia, aliyekuwa akiliangalia lile koti tangu mwanzo, akauliza, "Akae mpaka lini, daktari?"

Shaibu alipima muda wa kumpata mnunuzi, akauongeza. "Mpaka mvua zinyeshe. Akirudi kabla, damu inapanda upya."

"Na majani?"

"Juu yangu, mama."

Paskazia akainamisha uso kwenye khanga. Mtu angedhani analia.

Ijumaa namba ikawa imeshuka. Jumamosi ng'ombe akaletwa, na nyuma yake Luhaga, balozi wa nyumba kumi na mwenye bucha, pamoja na Wasukuma wote wa mtaa. Mbele yao mzee akatamka kwamba anampa Shaibu ng'ombe wa kutunza, kama wafugaji wanavyopeana. Maziwa ya mtunzaji, ng'ombe na ndama wa mwenyewe. Akifa, ngozi ionekane. Akipotea, mtunzaji alipe. Shaibu, mtoto wa wauza vitambaa, alidhani ni maneno ya kuagana na mnyama. Akaitikia kila kipengele kwa tabasamu.

Jumatatu akampitisha mlango wa nyuma wa bucha. Luhaga akafuta kisu chake.

"Huyu si wa shemeji yangu? Kafa?"

"Hajafa."

"Basi mrudishe akale."

Akajaribu kumvusha kwa kivuko cha Kamanga. Mpakiaji alimsalimia ng'ombe kwanza, kisha akamuuliza Shaibu kama Mzee Mayala ana habari ya safari hii.

Kuanzia hapo kiangazi kikawa cha Shaibu. Alifyeka majani ufukweni akiwa ndani ya koti lake jeupe, akapandisha ndoo za maji kati ya mawe ya Igogo. Maziwa hayakuwepo, ng'ombe alikuwa amekauka akisubiri kuzaa. Watu walisema wengine huingizwa mjini, lakini Shaibu ameingizwa Misungwi bila kutoka Igogo.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Paskazia alifika. Ng'ombe alikuwa amenawiri, ndama ubavuni. Shaibu alikuwa kizingitini, amekonda, koti limekuwa la kahawia, karatasi ya hospitali mkononi.

Paskazia akachungulia. "Imezidi, daktari?"

"Imezidi, mama."

"Na huyu ndama, umempenda?"

Shaibu akanyoosha mkono, akamkuna ndama shingoni. Alikuwa ameshampa jina.

"Basi twende naye, asije akakuingia damuni." Akafungua kamba, akachota kikombe kwenye ndoo ya ng'ombe na kumkabidhi. "Kunywa maji. Urudi Ijumaa."