Uso wa Mzee Tobias

Jumatatu, 9 Juni 1997

Nimepata kazi! Kijitabu cha mazishi ya Mzee Tobias wa reli, kamati nzima ikiwa shahidi. Namlilia Mzee kwa moyo wote, alikuwa mtu wa watu. Lakini Truphena, mpinzani wangu katika kazi hizi, naye alikuwa ameketi pale na kalamu yake, akingoja kupewa yeye. Nikasimama kabla hajafungua mdomo. Nikaahidi kwamba uso wa marehemu utajaa ukurasa wa mbele, sikio hadi sikio. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Truphena akarudisha kalamu mkobani.

Mama Seth, mjane wake, alinifuata mlangoni. Akasema Mzee hakupenda kamera. Picha ya pekee aliyo nayo ni ya kadi ya kazi, ndogo kama stempu. Na kadi yenyewe atazikwa nayo, mfukoni mwa koti, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila hiyo kadi. Kitakachobaki kwake ni kijitabu changu. Akaniazima kadi, akaniomba nisimharibie. Nikamwambia, mama, wewe lala usingizi.

Jumanne, 10 Juni

Shida moja ndogo. Sina skana. Hapa soko la Burma nina kompyuta, kiti, na moshi wa bucha la mbele. Skana ya karibu ni ya Truphena! Nikaenda kwa hila. Nikamwambia nataka kuingiza picha ya mjomba wangu kwenye kompyuta. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akauliza ni tangu lini mjomba wangu wa Machakos akawa na sura ya Mzee Tobias, ambaye yeye alikuwa akikaa naye benchi moja kanisani. Nikakohoa.

Alinifanyia, hata hivyo. Picha ikatoka kubwa, nzito, hadi akalazimika kuikata vipande kwenye diski kadhaa. Akanionyesha namna ya kuiunganisha tena. Nikaitikia kama ninayeelewa. Akasema kwake anaifuta, mashine yake imejaa, kwa hiyo niitunze mimi. Dharau gani hii! Nani asiyejua kutunza?

Kadi nimeirudisha kwa Mama Seth jioni hii hii. Aliipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Kwenye programu ya picha Mzee alikuwa safi, hadi kovu lililo juu ya nyusi. Nikamhamishia kwenye programu ya kupanga kurasa, nikavuta kona ajae. Lo! Mzee hayupo! Miraba mitupu, kama sakafu ya vigae. Jicho ni mraba mmoja. Pua ni miwili.

Nikapangusa kioo. Miraba. Nikazima, nikawasha. Miraba. Nikampitisha kwenye programu ya tatu, ile ya michoro, imchore upya kwa mistari. Ikanitolea mzee mwenye ndevu, tena anacheka. Nilimfuta haraka, nikamwomba marehemu msamaha kwa sauti. Mwenye bucha akachungulia.

Mwishowe nikajikaza, nikaenda kwa Truphena. Nikamwambia picha ya mjomba imeugua. Hakucheka. Akasema haijaharibika. Ninachokiona ukurasani ni kivuli tu, ili mashine isilemewe. Picha yenyewe iko pale pale kwenye faili lake, na siku ya kuchapa lazima ukurasa na faili hilo vibebwe pamoja. Akarudia mara mbili: pamoja, Muthama, ndugu yangu, pamoja.

Nimemwelewa vizuri sana. Anataka nibebe mzigo wa diski hadi kwa mpiga chapa Kariokor nionekane mshamba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kuchapa Kariokor. Diski moja tu, ya ukurasa, mfuko wa shati. Maridadi! Fundi akaifungua, mashine ikauliza picha asilia iko wapi. Fundi naye akaniuliza iko wapi. Nikamwambia abonyeze iendelee, hizi mashine huuliza maswali mengi. Akabonyeza.

Nakala zikatoka. Miraba yote, nyeusi na kijivu, ukurasa mzima, sikio hadi sikio kama nilivyoahidi. Fundi aliinua moja kwenye mwanga. Akauliza marehemu alikuwa nani. Nilianza kuzipanga kwenye boksi. Muda wa kuchapa tena haukuwapo, safari ya kumpeleka nyumbani kuzikwa ni kesho. Nilitembea kurudi Burma nikiwa nimekumbatia boksi.

Ijumaa, 13 Juni

Ibada. Watu walikigeuza kijitabu huku na huku. Mzee mmoja wa reli alikishika kichwa chini. Nilisikia nyuma yangu mtu akiuliza kama hiyo ni picha ya ukuta. Truphena alikuwa kwenye kwaya. Alikifungua, akakifunga, akaniangalia. Ni afadhali angenitukana.

Mama Seth alikipokea wa mwisho. Hakuwa na miwani. Akakisogeza mbali na macho, mkono umenyooka. Kisha akasema ndiye. Ndivyo alivyokuwa akimwona jioni akitoka stesheni, angali mbali, kabla hajafika penye taa. Alijua ni yeye kwa mabega tu. Nililia, Mungu wangu, nililia mbele ya kamati.

Halafu akaweka kadi mfukoni mwa koti la Mzee, akaipigapiga kidogo, na jeneza likafungwa.

Kabla ya kupanda gari la safari alinishika mkono. Alisema ananishukuru. Ila jambo moja, mwanangu: nikipata nafasi, nimtafutie na macho ya Mzee. Akirudi kutoka mazishini angependa kuyaona.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari mchana kutwa. Nimepata jibu. Picha ile haikuwa na kosa lolote, waombolezaji walikaa karibu mno. Kwenye arusi ya Kiilu, kazi yangu ijayo, nitawaambia wageni mapema wanyooshe mikono.

Truphena alikuja hapa baada ya kanisa, anahema. Akauliza kama lile faili kubwa bado ninalo. Akasema ndiyo picha ya pekee ya Mzee iliyobaki duniani, nisiiguse, kesho atakuja na diski zake aichape upya bure, kwa jina langu kama nataka. Kwa jina langu! Mtu hakimbii hivyo kutoka kanisani kwa ajili ya kitu kisicho na faida. Nimemwitikia vizuri, nimemfungulia mlango, ameondoka.

Kisha nimelifuta lile faili, na vipande vyake vya kwenye diski pia. Jina la faili halionekani tena popote, na mashine sasa inakimbia, nafasi ya arusi ipo tele. Aje na diski zake!

Ahadi yangu kwa Mama Seth naikumbuka. Kesho asubuhi nitajipiga picha, nimwekee Mzee macho yangu. Watu husema nina macho ya huruma.