Vita vya Chumvi Iliyooshwa Mara Tatu

Uvumi huo niliusikia sokoni Mpanda, nikashindwa kuutoa kichwani: ya kwamba chumvi ya pakiti imetiwa madini joto, na joto hilo hukausha matumbo ya wanawake. Basi kusanyikeni, nyie nyote wenye mafiga na masufuria, tegeni masikio, niwaandikie habari za vita vikuu vilivyopiganwa jikoni kwangu Kasokola, ambavyo mimi, Mama Juliana, nilikuwa jemadari wa upande uliokosea.

Binti yangu Juliana, shujaa wa mimba ya miezi mitano, alikwisha kupoteza moja mwaka juzi. Kwa hiyo sikungoja. Nilitwaa beseni, nikateka maji, nikaiteka na chumvi yenyewe, ile ya punje kubwa, nikaiosha mara moja, na ya pili, na ya tatu, nikayamwaga maji yake nyuma ya choo kama mtu amwagaye damu ya adui, kisha majeruhi nikawaanika juani juu ya bati. Nusu ya jeshi iliyeyuka. Miezi mitatu nilipigana hivyo, wala sikurudi nyuma.

"Mama, mbona chumvi inaisha haraka hivi?"

"Iliyobaki ndiyo safi, mwanangu."

Ndipo siku ya Jumanne akaingia uani Faudhia, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mpanda baiskeli isiyo na breki, mwenye kichupa cha matone ya kupimia chumvi, kisichozidi kidole gumba. Akaliona beseni. Akasimama.

"Shikamoo, Mama Juliana. Unaosha nini?"

"Marahaba. Naosha joto."

"Joto gani tena, mama yangu?"

"La kwenye chumvi. Usinifanye mtoto, mji mzima unajua."

Faudhia akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akanena kama anenavyo mjumbe wa mfalme:

"Sikia, mama. Madini joto ni jina tu, moto hayana. Maabara wanaiita potasiamu ayodeti. Potasiamu, jina lake limetoka kwenye majivu ya chungu, kama nyie mnavyochuja magadi. Ayodini waliiita kwa rangi, maana ikipashwa moto mvuke wake ni wa zambarau. Ikishikamana na oksijeni ndiyo ayodeti. Huko maabara wanaipima sawasawa, halafu wanaitumia kupimia nguvu ya kemikali nyingine. Kwenye chumvi kazi yake ni shingo isiote rovu, na ubongo wa mtoto ukue tumboni. Nayo imekaa juu juu ya punje. Ukiosha, inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Nyuma ya choo."

Juliana akanitazama.

"Tupime," akasema. "Mama akishinda, nakula ya kuoshwa mpaka nijifungue."

Akaweka marundo mawili kwenye sahani: kushoto ya kwangu, kulia ya pakiti iliyofunguliwa muda uleule. Faudhia akasema yenye madini joto itageuka bluu. Juliana akaminya kichupa, tone likashuka juu ya jeshi langu. Jeupe. Tukangoja. Jeupe.

"Labda inachelewa," nikasema.

"Mama, nyamaza."

Tone la pili likaanguka kulia, na tazama, chumvi ikageuka bluu kama wino wa mwalimu. Juliana, mshindi wa sahani, akachovya nyanya kwenye pakiti, akaila yote na mbegu zake. Na iandikwe, wajukuu wasome: Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Kasokola, nyanya moja.

Alhamisi tukaenda kliniki. Mkunga akapapasa shingo, akapapasa tumbo, akasema mtoto anacheza. Mimi nilikaa kwenye benchi.

Kwa hiyo nawaonya:

Msioshe chumvi, hata mara moja.
Msiianike juani.
Msiiache wazi wala karibu na mafiga. Itieni kwenye kopo lenye mfuniko.
Msiitie mboga inapoanza kuchemka, ngojeni iive.
Msile iliyodondoshewa matone.
Msiizidishe kwa kuwa mmesikia ni nzuri.
Msimwage kwanza ndipo muulize.