Rufaa ya Rubani wa Sebuleni Kuhusu Medali Iliyobaki

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
(ambaye pia ni dada yangu mkubwa).

Dada, shikamoo.

KUH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUIPELEKA STOO MASHINE YANGU YA GEMU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa shemeji umepata nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa kidole gumba cha kulia, ambacho nitakieleza mahali pake. Ninaandika kwa heshima zote kupinga uamuzi wa kikao chako cha Jumapili, kwamba mimi, fundi wa meno ya bandia, baba wa watu wazima, nimepotelea kwenye "kigemu cha ndege", na kwamba mashine hiyo ihamishiwe stoo, kando ya pasi mbovu. Sijazoea kubishana nawe. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Lakini safari hii umeteleza, nami nitaonyesha wapi.

Mashine aliiacha binti yetu alipohamia kikazi mji mwingine. Nilikwenda kuifuta vumbi tu. Ndani yake mlikuwa na gemu moja la ndege za kivita, la zamani kiasi kwamba milima yake ina kona kama maboksi, na bahari yake ina rangi ya ukuta wa zahanati. Nikaiwasha nione kama inafanya kazi. Ikafanya kazi. Gemu hilo humpa mtu medali kwa kila jambo gumu: kupita chini ya daraja kichwa chini miguu juu, kutua na bawa moja, kumaliza vita bila kufyatua hata risasi. Nimezipata zote, Dada. Zote, isipokuwa moja iliyofichwa. Mahali pake pana alama ya kuuliza, basi, hakuna maelezo. Walioliunda gemu niliwaandikia barua pepe, ikarudi kama ilivyokwenda. Alama hiyo ya kuuliza hunitazama hata ninapokula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilihukumiwa nikiwa sipo. Najua kumbukumbu za kikao zinasema nilikaa kati ya mama watoto na mama mkwe, na kwamba niliitikia "sawa" kila nilipoguswa. Huo ulikuwa mwili wangu. Akili yangu ilikuwa inapima uwezekano kwamba medali ile hupatikana kwa kuruka huku moshi unatoka mkiani. Uliponiuliza, "Una la kusema?" nami nikajibu, "Shusha magurudumu," hilo halikuwa jibu, na katibu hakupaswa kuliandika kama jibu.

2. Meno. Ilidaiwa mbele ya watu kwamba kazi yangu imeharibika. Ukweli ni kwamba mteja mmoja tu, mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyeondoka na meno ya dereva wa lori, na dereva akabaki na ya mwimbaji. Mabakuli mawili yalikuwa mezani, nami nilikuwa nawaza daraja. Walirudi wote wawili, mmoja akiwa amefunika mdomo kwa leso, nikabadilisha, nikaomba radhi. Lakini je, kuna yeyote aliyeuliza kwa nini meno yale yalikuwa laini ukingoni kuliko ya fundi mwingine yeyote? Ni mkono wa rubani huo! Mtu aliyezoea kutua na bawa moja hatetemeki anapochonga nta. Ni kweli kidole gumba kimeota sugu, na siku hizi sijui tena nta ikiwa ya moto mpaka ninuse harufu ya ngozi. Hiyo nayo naihesabu kama faida ya kikazi.

3. Nyumba yangu haiheshimu anga. Gemu hili haliwezi kuhifadhiwa katikati ya vita. Ukitoka, unaanza upya. Nimelieleza hilo kwa upole, hata kwa mchoro. Lakini kila ninapomkaribia adui wa mwisho ndipo mtungi wa gesi unapoisha, ndipo mvua inapoziona nguo zetu kambani, ndipo mama mkwe, anayekaa nasi tangu apasuliwe goti, anapohitaji mtu wa kumshika mkono. Silisingizii goti lake. Ila kuna siku aliniambia, "Baba, mmalize huyo, halafu unisogeze hadi dirishani nipate hewa." Nikamjibu kwamba maadui ni wengi. Alishika ukuta, akaenda mwenyewe, akipumzika kwenye kila kiti. Nilimwangusha yule adui, Dada, na sikumbuki kama nilifurahi.

4. Hili nalo nalileta kama lalamiko, ingawa kila nikiliandika linanigeukia mwenyewe. Mama watoto alikuja sebuleni na sare yake ya hospitali, akasimama kando ya televisheni. Akasema, "Nina habari." Nikamwambia, "Subiri nitue." Akasubiri. Sasa, kutua si jambo la kukurupuka: nilizunguka, nikaukosea upepo, nikazunguka tena. Nilipoinua macho hakuwepo. Habari yenyewe nilikuja kuipata kwa fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa akipunguza mikono ya sare mpya: mke wangu amefanywa muuguzi mkuu wa wodi yake. Mtaa mzima ulishajua. Nikakimbia nyumbani kumpongeza, na kwa pupa niliyokuwa nayo nikasema, "Hongera, rubani!" Hakucheka. Aliikunja sare polepole, akaiweka kitini, akachukua simu, akakupigia wewe. Kwa hiyo lalamiko langu la nne ni kwamba... Naona limenitoka. Tuendelee.

Kwa sababu hizo, naomba kikao kifute uamuzi wake na badala yake kiitangaze sebule yangu kuwa eneo la kijeshi, wageni wabishe hodi kwa kuinua mikono. Naomba pia harusi ya mpwa wetu isogezwe mpaka medali ipatikane, na kwamba katika kipindi hicho ndugu wote wajitahidi kutougua, kutozaa na kutohama nyumba, kwa kuwa mambo haya yote huhitaji mtu wa kubeba vitu, na mtu huyo huwa ni mimi. Ikishindikana kabisa, basi naomba likizo ya kuwa mume. Nasema likizo, Dada, si talaka. Nitarudi kazini nikishapata ninachokitafuta, kwani ni dhahiri kwamba kinachonichelewesha ni kuitwaitwa. Mtu akiniacha kwenye kochi langu bila kuninyanyua, medali hiyo itapatikana.

Msalimie shemeji, wasalimie wapwa zangu wanaonipigia saluti nikipita, na jirani yako mwenye mbwa wa kelele. Hata katibu wa kikao msalimie, ingawa ameandika "kigemu" kila mahali.

Nikiwa mdogo wako mtiifu, aliye tayari kuitwa tena mbele ya kikao, mwili na akili,

Fundi wa Meno

Nyongeza: Dada, bahasha ilikuwa haijafungwa bado. Leo mama watoto alinikuta ndege yangu iko uwanjani, injini inanguruma, niko tayari kuruka. Akasema teksi iko mlangoni na mama yake anatakiwa hospitali kupimwa goti. Nilitaka kumsomea lalamiko la tatu. Nikamtazama usoni, nikaiweka rimoti ya gemu kwenye kochi, nikaenda. Huko mama mkwe aliimaliza korido nzima bila fimbo, kucha zake zimezama kwenye kiwiko changu, anacheka peke yake. Mama watoto akatoka wodini na wenzake, akawaambia, "Huyu ndiye mume wangu," nikaona haya kama bwana harusi.

Tuliporudi mashine ilikuwa bado inawaka. Pale penye alama ya kuuliza paling'aa medali. Hupewa rubani ambaye hakuruka kabisa, maadui wakamzunguka, wakachoka, wakarudi kwao.

Nikakimbilia jikoni kumwita mama watoto aje aone. Alikuwa anakata vitunguu, akaanza kunisimulia mambo ya wodi: muuguzi mgeni anayeogopa sindano, na daktari asiyesalimia. Nikavuta kigoda. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikauliza na maswali. Nilipokumbuka kurudi sebuleni, mama mkwe alikuwa ameizima mashine atazame taarifa ya habari. Kumbe medali hii, tofauti na zile nyingine, ilikuwa na kitufe cha kubonyeza ili ihifadhiwe, nami sikukibonyeza. Imepotea.

Nimejichunguza kwa makini nione kama nimeudhika, sijaona kitu. Tafadhali ichane barua hii, na nyongeza hii isifike kwa katibu. Watasema nimepona.