Mabruki na Viungo vya Wacheza Gofu

Mimi ni Wenceslaus wa Raymundi. Baba yangu alikuwa katekista wa Kwihara; babu yangu aliongoza wapagazi mpaka pwani na kurudi, wala hakupoteza mzigo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa barazani kwa aibu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba Mabruki, ninayeandika habari zake hapa, si ndugu yetu.

Enzi za Mwingereza, Mabruki aliwabebea Wazungu fimbo zao katika uwanja wa gofu wa Tabora. Alikuwa na kanzu safi, ulimi laini na uadui wa kudumu na jembe. Lakini alimtaka Zamda, mshona kofia, naye Zamda alikwisha kutamka: “Siolewi na mwanamume asiye na hata tuta la karanga.”

Basi akaenda kwa Masolwa, mwanangwa wa Kwihara, aliyekuwa na mamlaka ya kugawa ardhi, kuomba shamba.

“Shikamoo, mwanangwa.”

“Marahaba. Lile pori pale, ukilifungua kabla ya mvua, wewe au vibarua wako, ni lako. Akilifungua mwingine, ni lake. Ndiyo desturi yetu.”

Mabruki aliutazama msitu ule wa miiba, akaitazama mikono yake, akaihurumia.

Jumamosi iliyofuata Bwana Hoji, Mzungu mfanyabiashara wa mbao, alikikosa kijipira mbele ya watu wote, akaitupa fimbo majanini. Mashindano ya kikombe yalikuwa karibu. Mabruki aliiokota fimbo kwa adabu ya mtu anayeokota bahati yake.

“Bwana, kosa si lako. Ni nyonga. Zimelala.”

“Nyonga yangu iko lala?”

“Fofofo. Wapagazi wa zamani walikuwa na mazoezi ya kuziamsha. Siri hiyo ninayo mimi.”

Hivyo Bwana Hoji na rafiki zake wawili, watu waliosoma vyuo vikuu, wakapelekwa kwenye lile pori la Kwihara kila asubuhi, wakakabidhiwa majembe.

“Inua! Kiuno kigeuke! Bega lifuate! Shusha!” aliamuru Mabruki, akiwa amekaa kivulini. “Sasa tung’oe visiki, kwa ajili ya mgongo.”

“Mkono yangu iko toka malengelenge!”

“Hongera, bwana! Ndiyo dalili kwamba dawa imeingia.”

Wanakijiji walisimama kando, wakijiuma midomo wasicheke. Masolwa alipita, akatazama, akaenda zake. Kabla ya wingu la kwanza kuonekana, pori lilikuwa shamba, tena lenye matuta yaliyonyooka.

Siku ya mashindano Bwana Hoji alisimama mbele ya kijipira, akainua, akageuza kiuno, bega likafuata, akashusha. Kijipira hakikutikisika, fimbo ilizama ardhini mpaka kwenye mpini, naye akasogea mbele, akashusha tena, kama mtu anayetafuta mwisho wa tuta. Uwanja mzima ukacheka.

Alifika Kwihara akitoa moshi puani. Alimkuta Mabruki akidai ardhi yake mbele ya Masolwa, naye Zamda yupo, amekuja kuonyeshwa shamba.

“Wewe!” alinguruma. “Ile ilikuwa mazoezi, ao umenifanya kibarua?”

Masolwa akakohoa taratibu. “Swali jema. Mabruki, hawa walikuwa vibarua wako?”

Mabruki alimtazama Mzungu, akaiona jela. Akalitazama shamba, akamwona Zamda. Akachagua kuikwepa jela.

“Ya-yalikuwa mazoezi, mwanangwa.”

“Kwa hiyo aliyelifungua ni bwana huyu. Bwana, shamba ni lako. Unalitaka?”

“Mimi hapana taka ona jembe tena!” Akaondoka.

“Basi limerudi kwangu,” alisema Masolwa, “nami natafuta mtu wa kulipanda.”

“Nipe mimi, mwanangwa,” alisema Zamda. “Mbegu ninazo, na kulima sioni haya.”

Masolwa akampa palepale. Mabruki, ambaye haya kwake ilikuwa kama maji juu ya jani la mgomba, akakunjua uso, akamsogelea.

“Umeona, mpenzi? Hatimaye shamba tunalo!”

“Ninalo,” alisema Zamda, akamgeuzia mgongo.

Enyi wajukuu, msicheke mkapita. Yuko mmoja wenu anayenitumia salamu za ugonjwa kila msimu wa kulima, kisha huonekana ngomani Usoke. Kesho alfajiri nataka kumwona shambani, akiwa ameshika mpini yeye mwenyewe. Sitarudia.