Polishi Upande Mmoja

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Saa imekwenda kwa fundi. Siyo saa hivi hivi! Ni saa ya Uswisi, chuma kizito, ambayo mhandisi mmoja mzungu alimvulia marehemu baba mkwe wangu, Mzee Shikanga, siku alipokuwa akirudi kwao. Mzee alikuwa fundi mkuu wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari. Alipofariki akamwachia Pascalia, mke wangu. Pascalia hapendi kuvaa kitu mkononi, anasema kinajaa unga. Kwa hiyo naivaa mimi. Na naivaa vizuri. Wanafunzi waliopanga vyumba vyangu hapa Shirere hawaniulizi saa ngapi, wana simu. Mimi huwaambia hata hivyo.

Jumamosi wakwe wanakuja! Mzee Kipkemboi na watu wake, kutoka Kapsabet, kuja kumposea kijana wake binti yetu Mitchel. Watu wa chai, watu wazito. Nataka waione saa kabla hawajaiona ingokho, kuku wa wageni, mezani.

Fundi ni Selpher, mwenye kibanda nyuma ya soko. Aliifungua, akaichungulia kwa lenzi yake ya jichoni, akasema mashine ni nzima, inataka kusafishwa na mafuta tu. Kisha akauliza, "Na mwili wake, Chairman? Nipige polishi ama niache?" Mimi ndiye mwenyekiti wa wenye nyumba za kupangisha Shirere, kwa hiyo swali liliulizwa kwa heshima inayostahili. Nikasema piga!

Akanitahadharisha. Polishi inakula chuma, na chuma kikishaliwa hakirudi. Mikwaruzo midogo si tabu. Lakini kuna ule mkwaruzo mrefu uliochimbika kama mfereji, upande unaoelekea kiwiko. Kuufuta huo, alisema, ni kuisugua saa mpaka pembe zake ziwe duara kama sabuni ya juzi.

Nikasema nitafikiri. Mtu mkubwa hufikiri.

Jumanne, 12 Agosti

Wekesa! Shemeji yangu, mdogo wake Pascalia. Amekuja eti kupima mahali pa kusimamisha hema. Akauona mkono wangu mtupu, akaacha kupima. Nikamwambia saa iko kwa fundi, inapigwa polishi.

Akaruka kama amekanyaga moto. "Shemeji, tafadhali. Hiyo saa iache vile iko."

Nikauliza kwa nini. Akatazama chini, akasema isiguswe tu. Akanywa chai yangu, akaenda bila hata kumaliza kupima.

Ninamwelewa vizuri sana. Aliitamani saa hiyo tangu siku ya mazishi. Ameikosa, sasa anataka nikae mbele ya wakwe na kitu kilichochakaa kama sufuria ya jiko la shule. Wivu mtupu! Nimempigia Selpher hapo hapo. Polishi. Pande zote. Mpaka nijione.

Jumatano, 13 Agosti

Mambo yamegeuka. Mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, anayesomea biashara, amenionyesha kwenye simu yake kwamba matajiri wanaokusanya saa huikimbia iliyong'arishwa. Wanataka mikwaruzo yake ya asili! Kadiri ilivyochakaa, ndivyo wanavyoitaka. Nilikaa kwenye ngazi kutafakari.

Kumbe Wekesa anajua! Anailinda saa ili nikifa aiuze ikiwa na thamani yake yote. Basi kama mkwaruzo ni mali, ni mali yangu. Nikampigia Selpher: usipige. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeuma bisibisi.

Baada ya chakula nikapata wasiwasi. Mzee Kipkemboi si tajiri wa saa. Yeye ataona saa kuukuu. Atasema, huyu binti katoka kwa watu wa saa kuukuu. Nikampigia Selpher tena: piga.

Selpher akauliza kama nina homa. Akasema kesho nifike mwenyewe, nikiwa na neno moja tu mdomoni. Akauliza pia saa ni ya nani hasa, aandike kwenye risiti. Nikasema aandike ya Mama Mitchel, lakini mwenye maamuzi ni mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda na neno moja. Piga. Nimelitamka mbele ya wateja wengine, kwa sauti ya mkutano.

Lakini mlangoni nilipishana na nani? Wekesa! Akasema amekuja kununua betri. Betri ya nini? Hana saa, hana redio. Nikamwuliza Selpher alitaka nini. Akajibu kwamba mambo ya familia yetu tuyamalizie kwetu, yeye kazi yake ni saa.

Nyumbani nikamweleza Pascalia jinsi ndugu yake anavyonihujumu. Alikuwa anachambua mchele. Aliuliza swali moja tu, kama ni kweli nimeagiza mpaka ule mfereji ufutwe. Nikamwambia kila kitu kinafutwa, Jumamosi atajivunia mumewe. Akatupa kijiwe kimoja. Kisha akasema, "Haya, Baba Mitchel," akaomba simu yake iliyokuwa kwenye chaja.

Hakuna ubishi wala maneno mengi. Wanaume wengine hawana bahati ya mke kama huyu.

Ijumaa, 15 Agosti

Balaa!

Selpher aliniwekea saa juu ya kitambaa cheusi. Upande wa vidole, kioo kitupu! Niliyaona meno yangu. Nikaigeuza upande wa kiwiko. Mfereji uko palepale, na vikwaruzo vyote pembeni yake. Nikapaza sauti. Nikauliza kazi ya namna gani hii.

"Mwenyewe amepiga simu," Selpher akasema.

"Mwenyewe ni mimi!"

"Mwenyewe ni Mama Mitchel, jina liko kwa risiti. Amesema upande huu nikufurahishe. Ule mwingine nisiuguse hata na kitambaa."

Nusu polishi! Nimerudi Shirere mkono ukiwa mfukoni. Nilikusudia kuingia nyumbani kwa hasira, lakini Pascalia alikuwa na wanawake wa jumuiya wakipanga sahani, nikaona nisiwaharibie kazi.

Halafu, nikiwa nimekaa peke yangu uani, akili ikafunguka. Wageni watakaa mbele yangu. Nitawasalimia kwa mikono miwili, kwa adabu. Watakachoona ni upande wa vidole! Upande wa kiwiko hunitazama mimi peke yangu, na mimi nimeshauzoea. Kupiga polishi upande usioonekana kungekuwa upuuzi. Sijui kwa nini Selpher hakunishauri hivi tangu mwanzo. Nimepanga viti mwenyewe. Kiti cha Mzee Kipkemboi kinaangaliana na changu, jua la dirishani likipiga kwenye mkono wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Lazima niandike yote kabla sijayasahau.

Walifika wakiwa wamependeza. Nikasalimia kwa mikono miwili. Mzee Kipkemboi hakutazama saa, alinitazama machoni. Tukaingia. Ndipo kijana wake akaeleza kwamba mzee anasikia kwa sikio la kulia tu, na Pascalia, bila kuniuliza, akamhamishia kushoto kwangu! Ubavuni kabisa. Mkono wangu unapolala tumboni, upande wa kiwiko unamtazama yeye.

Nilijaribu kuukunja mkono. Nilijaribu kuupeleka nyuma ya kiti. Mitchel akaninong'oneza akiuliza kama bega linaniuma. Mzee akaona ninahangaika, akaona saa, akaona mfereji. Akaweka kidole chake juu yake. "Hii iliumia wapi?"

Watu wote wakageuka kutazama. Nikasema la kwanza lililonijia, kwamba niliteleza kwenye mawe nikimwokoa mtalii msituni, kule Isecheno.

Mzee akafurahi sana. Kumbe amekuwa askari wa msitu maisha yake yote, na miaka mingi aliifanya hapo hapo Isecheno! Akataka kujua ni njia gani. Nikasema ile ya mtoni. Akauliza mto upi. Nikasema ule mkubwa. Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Huo mkwaruzo ni mimi," Pascalia akasema.

Alikuwa amesimama na birika la chai. Akaliweka chini.

"Nilikuwa mtoto mdogo. Nilikuwa nampelekeanga baba obusuma, ugali wake, kiwandani. Siku hiyo trela ya miwa ilikuwa inapita, mnyororo ukakatika. Baba akanisukuma. Mnyororo ukamchapa kwa mkono, hapa. Saa ndiyo ilizuia, ama mkono ungeenda. Mpaka nikakuwa mtu mzima alikuwa ananishikisha hapo kidole, ananiambia, hapa ndipo ulizaliwa mara ya pili."

Hakuna aliyegusa kikombe. Wekesa alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba alimwomba hiyo alama isiguswe, lakini si yeye wa kusimulia habari ya dada yake.

Mzee Kipkemboi akavua kofia. Akaomba saa. Nikaivua, akaipokea kwa mikono miwili, akaishika muda mrefu. Upande unaong'aa hakuugeuza hata mara moja. Kisha akamwita Mitchel akae karibu naye, akasema, "Nyumba inayotunza kitu kama hiki, najua imelea mtoto namna gani. Mimi nimeridhika."

Vigelegele! Kifua changu kilijaa nikadhani kifungo kitaruka. Nikamtazama Pascalia wangu, na ule mfereji, na binti yetu ambaye asingekuwapo kama si mkono ule uliovaa chuma hicho. Sijawahi kujivunia watu hivi. Nikasimama nikatangaza kwamba ndiyo sababu mimi binafsi nilikataa upande ule upigwe polishi.

Wekesa akakohoa. Pascalia akacheka mpaka akashika mlango. Hakunisahihisha.

Baadaye jikoni nilimwuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia.

"Hukuulizanga," akasema. "Uliulizanga bei tu."

Nikakunja mikono ya shati. Nilimsaidia kuosha vikombe. Vyote.

Jumatatu, 18 Agosti

Habari imeenea. Jana kanisani watu walipanga foleni kuuona mkwaruzo! Katibu wa parokia ameugusa. Wanyonyi, jirani ambaye hajawahi kunisifia hata bati jipya, ameugusa. Wekesa mwenyewe alisimama karibu nami akiwaeleza watu, na nikamruhusu kuivaa kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Nilisimama na watu wakubwa, nikisimulia.

Kuna tatizo moja tu. Upande wa vidole. Hauna lolote! Unang'aa kama kijiko cha hoteli. Mtu akimaliza kuguswa moyo na upande mmoja, anageuza, anakuta hakuna habari. Ni aibu kwa familia. Nimempigia Selpher kumwuliza kama anaweza kuweka alama kidogo upande huo, ya heshima, yenye sura ya ushujaa. Amekata simu. Bila shaka mtandao.

Si kitu. Nimeazima tupa kwa jamaa wa kuchomelea vyuma. Pascalia ameenda sokoni, na meza ya uani ina kivuli kizuri. Nataka kitu cha wastani, kisishindane na cha baba mkwe. Ninasitasita kati ya chui na mafuriko ya Navakholo. Lazima nichague hadithi kwanza, ili mkwaruzo ulingane nayo.