Kuku wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Shajara, nisamehe. Tangu dada yangu anizawadie wewe sijakuandikia hata mstari, ila siku moja nilikutumia kufunikia sufuria ya maziwa. Kosa si langu. Nina mmoja anaota meno, mwingine yuko chekechea, na mikono ni hii miwili tu.

Leo lakini lazima niandike. Nimeonewa.

Mwalimu wa chekechea katoa zoezi. Familia mbili zinapewa karatasi moja kubwa ya manila na neno moja tamu, zilichore. Leo karatasi inalala kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtoto anaongeza chake. Sheria ni moja: hakuna kufuta cha mwenzio. Jumamosi watoto watachagua mchoro mmoja upakwe rangi kwenye ukuta wa darasa.

Binti yangu, ambaye baba yake anamwita Bi Kimya, tangu aanze shule hajamjibu mwalimu ila kwa kutikisa kichwa. Leo akanivuta sketi. Akaninong'oneza kwamba anataka mchoro wake ukae ukutani. Mwanangu! Pale shuleni hajawahi kutaka kitu isipokuwa kurudi nyumbani. Nikaapa: utakaa.

Kisha tukapangwa na nani? Mama Pacha! Mlango wake na wangu inatazamana. Akatumbukiza mkono kwenye kopo la maneno kabla yangu, hata hodi hakuna. Akatoa "kiherehere". Mwalimu akawaeleza watoto kuwa ni kujitia kwenye jambo usiloitwa. Nikamtazama Mama Pacha. Mtu kajiokotea neno lake mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Karatasi imeanzia kwetu. Bi Kimya kakaa nayo sakafuni tangu atoke shule, ulimi nje. Nikaenda kuchungulia. Karatasi pana kama shuka, yeye kachora kitu kidogo pembeni, mikono chungu nzima! Nikamwambia kwa upole kwamba buibui mzuri, ila tumeambiwa kiherehere. Akasema si buibui, na hajamaliza. Nikachukua penseli nimsaidie miguu. Aliporudishiwa, akaongeza mkono mwingine.

Baadaye akalala. Nikaona hapa pasipofanyika kitu, ukuta tumeukosa. Nikachora kuku anayeingia jikoni kwa watu, shingo mbele. Kwa mkono wa kushoto! Mistari ikatetemeka vizuri kabisa, kama ya mtoto. Huo si udanganyifu. Ni malezi. Mdogo wake akamwaga maziwa juu, nikayazungushia mstari yakawa jua.

Kuku kachukua nusu ya karatasi. Ni kuku mkubwa, nifanyeje?

Alhamisi, 7 Machi

Sina hata pumzi. Karatasi imerudi kutoka kwa Mama Pacha. Gwaride zima! Wapiga tarumbeta, ngoma, na neno KIHEREHERE juu kwa herufi nene zenye kivuli. Kivuli! Wale pacha hata kamasi hawajajua kufuta. Mtaa mzima unajua baba yao ni mchoraji wa mabango ya maduka. Na kuku wangu wamemvika kofia na kumning'iniza ngoma shingoni! Wanasema hawajafuta kitu, wameongeza tu.

Halafu nikaona pembeni kabisa, chini: namba ya simu. Mwanaume kazoea kumalizia kila bango kwa namba yake, mkono ukaenda wenyewe.

Nikavuka kwenda kugonga. Mama Pacha akanipokea kwa tabasamu la asali, ati shoga, wanangu wana damu ya baba yao. Nikamwambia damu haiandiki namba ya simu. Akaniuliza kuku yule ni wa darasa la ngapi, maana ana manyoya hadi kwenye kwapa. Nikamwambia mwanangu ana jicho. Akasema jicho analo, na mama analo refu zaidi. Nikaondoka kabla sijasema la kujutia. Nilipofika kwangu nikalisema.

Kazi ikabaki kuficha namba, kwa kuwa tukikamatwa kwa udanganyifu wao, mwanangu naye atakosa ukuta. Kufuta hairuhusiwi. Nikachora kichaka juu yake. Kichaka kikakua. Kikamfikia yule mdudu wa Bi Kimya mpaka magotini. Akalia, machozi makubwa yasiyo na sauti, akaniuliza mtu wake atasimama wapi. Moyo ukanikatika. Nikamkumbatia, nikamwambia ampe mama penseli, mama atatengeneza. Hakunipa. Nikaichukua. Baadaye nikakuta mikono imeongezeka tena.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Mwalimu kawaita watoto mbele ya wazazi, kila mmoja aonyeshe alichochora. Pacha wakasema kwa pamoja kwamba gwaride ni la baba, wao walishika kopo la rangi. Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Mama Pacha akawa anakagua dari.

Zamu ya Bi Kimya. Nikajua atatikisa kichwa tu. Akafungua mdomo! Sauti kama kengele: "Kuku ni wa mama. Alichora na mkono wa kushoto, watu wadhani ni mimi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Pacha alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha mtoto. Sikujua nimfinye au nimbusu. Mwanangu kaongea! Nilimbusu. Kufinya nimekuwekea akiba wewe, Mama Pacha.

Mwalimu akaikunja karatasi, kuku ndani, gwaride ndani, mpaka ikabaki ile pembe ya Bi Kimya. Akasema hiyo ndiyo itakayoshindana.

Jumamosi, 9 Machi

Wamemchagua! Watoto walipiga kelele, mikono juu, hata pacha. Bi Kimya kasimama katikati yao akicheka na meno yote. Nililia, na mdogo wake mgongoni akalia kwa kuniunga mkono.

Mwalimu akamuuliza Bi Kimya yule mtu wa mikono mingi, aliyejifunga kilemba cha madoa, ni nani. Akasema: "Ni mtu ananipenda sana. Ila penseli hanipi."

Nimewaza njia nzima. Mtu gani huyo anayemnyima mtoto penseli? Bila shaka Mama Pacha, kila asubuhi yuko mlangoni anamvuta mashavu. Kilemba cha madoa ni changu, lakini yule mwanamke kuniiga hajaanza leo.

Jumatatu baba wa pacha ataupaka rangi ukuta. Peke yake! Ataweka namba ya simu, namjua. Nitaenda kumsaidia. Hajaniita, lakini mikono ya yule mtu naiona michache, na pembeni patafaa kuku mdogo.

Nimwambie dada anitumie haraka: brashi nyembamba mbili, kopo dogo la rangi nyekundu, kilemba kipya kisicho na madoa, dawa ya fizi ya mdogo. Na penseli moja ya Bi Kimya. Hiyo haina haraka.