Munyu wa Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mama hali tena. Tangu atoke kijijini kuja kwetu Kitengela kwa ajili ya kliniki, anaonja mboga ya mrenda kijiko kimoja, anasukuma sahani. Anasema chumvi ya dukani inamkata ulimi. Anataka munyu wake wa nyumbani, ule wa kuchujwa kwa jivu la maganda ya maharagwe. Amekonda hadi pete inamtoka. Kaka yangu Lazarus amepiga simu: asipoanza kula, Jumamosi anampeleka kwake Gataka. Aninyang'anye mama! Kijiji kizima kitajua. Wilkister, mke wangu, akauliza kwa nini nisimwulize Mama munyu unatengenezwaje. Kumwuliza mgonjwa! Niko na mpango.

Jumanne, 5 Machi
Kajiado, sokoni. Mzee Metito anauza magadi, mawe ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Alinieleza jinsi nyanya zake walivyopakia mawe hayo kwa punda, wakabadilishana na Wakikuyu kwa maharagwe na tumbaku. Hata vita vikichacha, mwanamke mwenye mzigo wa magadi hakuguswa. Hadithi ndefu! Mimi nilitaka kipande tu. Nikakisaga, nikamwambia Mama ni munyu kutoka nyumbani. Akaonja. Akauliza, kwa upole, kama siku hizi nafuga ng'ombe humu ndani.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechoma maganda juu ya paa la ploti yetu, karibu na kamba za nguo. Moshi ukamfikia Mama kitandani. Akaketi! Akaomba tumpandishe ngazi anionyeshe. Nikamwambia apumzike, jivu ni jivu. Upepo ukaja. Jivu likatua kwa mashuka ya jirani, Mama Sheryl. Matusi! Lililobaki nikalichuja, nikachemsha maji yake kwa sufuria mpya ya Wilkister. Yakaila sufuria! Nyeusi tii, imechimbika. Mama akasema hayo huchemshwa kwa chungu cha udongo. Nikasema nilikuwa najua.

Jumamosi, 9 Machi
Lazarus amefika. Mama akajifunga leso mwenyewe, polepole. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mlangoni alinishika mkono.
"Wakhungu, si munyu tu nilitaka. Nilitaka tukae chini, nikufunze."
Nikamwambia asijali.
Wilkister ametandua kitanda cha Mama.

Alhamisi, 14 Machi
Lazarus amepiga simu. Mama amekula! Mabakuli mawili ya mrenda. Eti walikaa nyuma ya nyumba, Mama akielekeza, yeye akimwagia jivu maji kidogo kidogo, huku Mama akimweleza jinsi nyanya yetu alivyobeba munyu sokoni akarudi na kuku na vyungu. Kisha akampa Mama simu. Sauti yake imefifia. Daktari hakumpa habari njema. Mama akaomba nije Jumapili, bado ana mengi ya kunionyesha.
Nimefikiria sana. Siri nimeipata: ni maji ya Gataka! Nikamwambia Jumapili siwezi. Nimeshapata mtu wa boda wa kuniletea mitungi miwili. Nitatengeneza mwenyewe.